Kiti cha Mashavu

Kabla ya alfajiri mfuniko wa birika uligongagonga jikoni, ingawa nyumbani alikuwa peke yake, Bi Sikudhani akaamka. Ilikuwa siku ya mashindano ya chemshabongo, na mwenza wake wa miaka yote, dada yake Mashavu, alikuwa amefariki miezi mitano nyuma.

Katika mji ule walishindana wawili wawili: mmoja asome vidokezo, mwingine ajaze miraba. Asiye na mwenza jina lake lilifutwa, lisirudishwe tena.

"Bibi, nikufute?" msimamizi aliuliza kwa upole pale ukumbini, kalamu mkononi.

"Ngoja kidogo, mwanangu. Usiyafute majina yetu."

Ndipo mama mmoja aliyejitanda kanga hadi puani akaja kuketi kando yake, kwenye kiti kitupu cha Mashavu. Kwanza aliisogeza meza, Bi Sikudhani apate mwanga wa dirisha. Kisha akasoma taratibu, na kila mwenzake aliposita, alimgusa kiwiko kwa kidole baridi kama mtungi.

"Maneno unayo, ila una pupa," alimtania. "Tangu utotoni!"

Walimaliza kabla ya wote. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

"Ahsante, dada yangu. Kwako ni wapi, nije nikushukuru?"

"Unapajua. Ulikuja Idi na maji na mrehani, ukaninyunyizia juu ya udongo, ukakaa nami mpaka jua likawa kali."

Yule mama alimfuta vumbi la penseli vidoleni kwa upindo wa kanga uliojaa udongo mbichi.

"Usikawie, mdogo wangu. Njoo tena."