Pindo la Gauni la Kabula

Siku hizi kitunguu saumu, manjano na majani ya mlonge ni vya vifaranga tu. Binadamu haruhusiwi hata kuonja, maana kuku wanauzwa nje, na sisi hatuna mnunuzi.

Kila asubuhi Nyamizi aliponda saumu, akaichanganya na unga wa mlonge, akakaa kuwatazama vifaranga wakila vizuri kuliko mwanawe. Kabula, binti yake wa miaka minne, alikuwa akiharisha tangu masika. Mwishowe Nyamizi akaanza kuiba kijiko cha mchanganyiko ule na kukikorogea kwenye uji wa mtoto. Tumbo likatulia. Mashavu yakajaa, na gauni likapanda juu ya magoti.

Ndipo bwana mifugo alipokuja kukagua. Alimshika kifaranga mmoja, akapapasa kifua chake kilichokonda, akatazama kinyesi cha majimaji sakafuni.

"Mama Kabula, mbona hawa wamedumaa?"

"Ni baridi, bwana mifugo."

"Mama Shija naye alisema baridi."

Nyumba ya mama Shija ilikuwa imefungwa tangu mwezi uliopita, na hakuna aliyethubutu kuuliza watu wake walipelekwa wapi.

Bwana mifugo akamrudisha kifaranga bandani, akajifuta mikono. "Na huyo mtoto wako yuko wapi?"

Kabula alikuwa amesimama mlangoni. Bila kufundishwa na mtu, alikunja magoti polepole ndani ya gauni mpaka pindo likafunika miguu, kisha akavuta mashavu ndani.