Kikopo cha Baba Mkwe

Tusekile hakuwahi kuutazama uso wa baba mkwe wake, na sasa alikuwa amesimama nyuma ya jiko la mzee huyo, kijijini Lupepo, amegeukia migomba, akitafuta namna ya kumwambia kwamba ana saratani ya mapafu.

Aliogopa. Alijiona kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, yeye aliyekwisha maliza uzamivu, mtafiti wa maabara ya saratani ya mapafu Dar es Salaam, ambaye wenzake wakishindwa kusoma kioo cha hadubini humwita yeye. Kule maabara mgonjwa alikuwa namba tu. Hapa alikuwa upande wa pili wa ukuta wa udongo, anachochea moto na kuguna.

Mjini Tukuyu wakamwana wengi siku hizi wanakula meza moja na wakwe zao, na dunia haijapasuka. Mzee Ambindwile hakuutaka mchezo huo. Kwake mkamwana hamtazami baba mkwe, hatamki jina lake, na wakikutana njiani mkamwana anajitosa kwenye shamba la chai mpaka mzee apite. Tusekile alikwisha jitosa mara nyingi, na viatu vyake vya Dar. Mama mkwe alipokuwa hai ndiye aliyepeleka maneno huku na huku. Walipomzika, kazi ikamwangukia Erasto, mumewe.

Lakini neno la leo Erasto hakuruhusiwa kulibeba. Sheria ya utafiti haina undugu: majibu anaambiwa kwanza mwenye makohozi yaliyopimwa. Si mke, si mtoto.

"Kwa hiyo utaongea naye wewe mwenyewe?" Erasto alimuuliza asubuhi hiyo, nyumbani kwao mjini Tukuyu.

"Mwenyewe. Nitasimama nyuma ya jiko."

Erasto alikuwa anafunga mkanda wake, ule alioutoboa tundu jingine hivi karibuni. Mikono ikasimama. "Basi ni mbaya."

"Baba Elina, tafadhali usiniulize."

Hakuuliza. Alikohoa, akalaani vumbi la mbao la karakana yake ya useremala, akatoka kuwasha pikipiki. Njia nzima Tusekile aliegemea mgongo wake na kumwonea huruma, maana mzazi aliyebaki alikuwa huyo mmoja.

Siku timu ya maabara ilipopita hapa kukusanya makohozi ya watu wenye vikohozi vya muda mrefu, hakuna aliyekuwa mkali kama Tusekile. Kila mtu alitema mbele ya macho yake. Alitaka kitu cha kutoka kifuani, si mate ya mdomoni, na aliyedanganya alirudishiwa kikopo bila aibu. Kwa baba mkwe tu ndipo alipogeukia migomba, hivihivi alivyosimama leo. Erasto aliingia na kikopo, mtu akakohoa kwa nguvu, Erasto akatoka nacho kimefunikwa vizuri.

Rukia, mwenzake wa maabara, mtoto wa Tanga, alicheka mpaka akashika mgomba. "Yaani wewe na ukali wako wote, huyu hutamwona?"

"Ni baba mkwe, Rukia."

Rukia hakucheka siku alipomwita kwenye hadubini. Chembe hai zilikuwa kubwa, zimejaa weusi, zimesongamana vibaya. Tusekile aliitazama namba ya kikopo, akaitafuta kwenye daftari: ilikuwa ya baba mkwe.

Sasa, mbele ya nyumba, Erasto alikuwa anampasulia baba yake kuni. Kila shoka liliposhuka Tusekile alishtuka. Akavuta kanga kichwani, akaona akichelewa zaidi atakimbia.

"Tata." Sauti ilimtoka nyembamba. "Ni mimi, mkamwana wako. Nisamehe."

Mzee aliacha kuchochea moto. "Erasto yuko wapi?"

"Anapasua kuni. Neno hili sikuweza kumpa alilete."

Kigoda kililia. Tusekile alifumba macho, akihofia mzee anatoka. Hakutoka.

"Sema. Lakini baki hukohuko."

Akasema. Alisema yote haraka haraka, akiiambia migomba: kikopo, hadubini, chembe walizoziona, vipimo vya kuthibitisha vitakavyofanyika Mbeya, dawa zilizopo, kwamba wengine wanaishi. Kisha kile alichojiandaa kukisema kikamwishia, akabaki na kilio. Alilia hadharani, kwa sauti, nyuma ya jiko la mtu ambaye hakupaswa hata kusikia kicheko chake.

"Naogopa, Tata. Sijui nitamwambia nini Erasto."

Mzee aliguna. Halafu, jambo ambalo Tusekile hakulitegemea kabisa, akacheka, kicheko kizito cha mtu ambaye jana tu alibeba mkungu wa ndizi begani kutoka bondeni.

"Kumbe ndicho kilichokuleta? Nyamaza, mwanangu. Futa machozi. Mimi siumwi."

"Tata, niliziona kwa macho yangu."

"Uliona, ndiyo. Ndaga fijo kwa kunihangaikia. Lakini wewe fikiri: mkamwana wangu ashike makohozi yangu, ayapeleke Dar, akae kuyachungulia? Kyala, Mungu mwenyewe, angenishangaa! Nilimkatalia Erasto palepale, kikopo kikiwa mkononi mwake."

Huko mbele shoka lilikuwa limenyamaza. Erasto alikuwa anakohoa.

"Nikamwambia ateme yeye."