Majani ya Zizi la Zamani

Mvua za vuli zilikuwa chache mwaka ule, na ng'ombe waliobaki kijijini walipaswa kupelekwa kwenye malisho ya upande mmoja tu. Bwana Mgaya, mtaalamu wa malisho, alikuwa ameshachagua mlimani, ambako nyasi zilifika kiunoni.

"Huko watajaza matumbo na bado wafe kwa njaa," alisema Nasieku, mama mfugaji aliyekwisha kupoteza nusu ya kundi lake.

Alipanda naye mlimani, akachuma jani na kulivuta kwa mikono miwili. Lilikuwa jembamba na gumu, likakataa kukatika. Kisha akamwongoza mtaalamu hadi bondeni, palipokuwa na zizi miaka mingi iliyopita. Nyasi za pale zilikuwa fupi kwa kuliwa mara kwa mara, lakini majani yake yalikuwa mapana na mabichi. Alipovuta moja, lilikatika papo hapo na kumlowesha vidole.

"Samadi ya zamani bado inalisha udongo huu," alisema. "Na nyasi ikiliwa, huchipua jani laini. Isiyoguswa huzeeka ikawa ngumu."

Mgaya alipiga goti, akang'oa jani na kulitafuna taratibu. Lilikuwa na utamu.

"Mimi niliangalia urefu tu, mama," alisema. "Tuwalete hapa."

Alasiri ile ng'ombe waliteremka bondeni, mbavu zikihesabika. Nasieku aliwatangulia peku, akipapasa nyasi kwa nyayo, akitafuta mahali pa kuwaanzishia.