Bakuli la Bi Skolastika

Kijiko kiligongagonga ndani ya kikombe kabla ya alfajiri, na Bi Nakijwa akajua injini ya nyumba imewaka. Alikuwa ameipokea pale Same wiki iliyopita, nyumba yake ya kwanza ya magurudumu, kwa kuwa sheria ilikataza mtu kulala mahali pamoja zaidi ya usiku saba. Nyumba ilijiendesha na kujichagulia njia.

Usiku wa kwanza alishindwa kuwasha jiko. Bi Skolastika, jirani wa gari la pili, akamletea makande kwenye bakuli la bati. Kwao chombo cha mtu hakirudi kitupu, hivyo Bi Nakijwa alifunika ndizi kabatini ziive. Alizibonyeza sasa. Zilikuwa ngumu bado. Usiku wa saba ulikuwa umekwisha; alifungua dirisha akamwita Bi Skolastika.

“Dada, bakuli lako!”

“Lina kitu?”

“Ndizi hazijaiva.”

“Basi kaa nalo! Unataka kuniaibisha mbele ya magari ya watu?”

Wakacheka kidogo. Nyumba moja ikageukia kaskazini, nyingine kusini.

“Zikiiva, uje unitembelee!” Bi Skolastika aliita, asiseme wapi.