Mgongo wa Brando Zambelli

Fosco alipitisha kiganja juu ya kile kiti kwa mara ya nne, na kwa mara ya nne vidole vyake vikazama palepale, upande wa nyonga ya kulia. Mwenye kiti hiki aliwahi kuvunjika, na mfupa ukaunga vibaya. Hilo alikuwa tayari kuliapia.

Kwa miaka thelathini kazi yake hapa Varano ilikuwa moja: kutengeneza viti vya magari ya mashindano, yale ya mtu mmoja yasiyo na paa. Dereva huketi ndani ya bodi ya gari juu ya mfuko wa nailoni, Fosco humimina humo dawa mbili alizozichanganya, povu likaumuka na kumkumbatia mtu mpaka kwapani, kisha likakauka. Hakuna dereva mwingine anayeenea humo. Nyuso za watu Fosco alizisahau, migongo hakuisahau.

Kiti hiki kilitoka timu ya Fomula Nne, kililetwa kiwe mfano. Ubavuni kiliandikwa Brando Zambelli, na bonde zima lililijua jina hilo. Kwenye gokati, vile vigari vidogo vya mashindano ya watoto, Brando hakuwa kitu. Alimaliza wa kumi na tano, akatapika, akarudi nyumbani. Alipopanda Fomula Nne akageuka mtu mwingine, akashinda mara kumi na moja katika misimu miwili. Hakuongea na yeyote. Alitoka kwenye lori la baba yake na helmeti kichwani, akarudi humo nayo kichwani, hata mafundi wakatania kwamba mama yake alimzaa akiwa ameivaa. Baba mtu, Learco, naye hakusimama kwenye ukuta wa kando ya njia ya mbio kama akina baba wengine. Ilisemekana presha humpanda, kwa hiyo hujifungia ndani ya lori mpaka mbio ziishe.

Kesho Brando alikuwa na jaribio la Fomula Tatu, ngazi ya juu na ya kasi zaidi. Akifaulu, nafasi ni yake.

Ndiyo maana Fosco alikuwa na hofu. Miaka sita iliyopita aliona uti uliopinda kwenye kiti cha kijana mmoja, Silvano, naye akanyamaza kwa kuwa kijana alimwomba anyamaze. Fomula Tatu haina huruma na mgongo. Sasa Silvano anauza magazeti kule Fornovo, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na Fosco akipita humsalimia kwa adabu zote. Fosco hajawahi kujisamehe.

Saa nne asubuhi wakaingia karakanani. Learco alitangulia akichechemea, mfupi na mwembamba kama mvulana, na Brando akamfuata.

"Fundi, tufanyie haraka. Mtoto hajalala."

"Kwani mtoto hana mdomo?"

"Anao. Wa kulia mikate ya piadina."

Brando hakucheka. Alivua shati, akaingia kwenye bodi ya gari jipya na kukaa kama mtu aliyetiwa kwenye sanduku. Povu lilipoanza kukaza, Fosco akamwinamia.

"Nyonga inakuuma, mwanangu?"

"Siumwi kitu."

"Usinifiche. Kesho utapita kona kwa kasi ya zaidi ya mia mbili. Nikimpigia simu daktari wa timu sasa hivi, nafasi umeikosa. Nisipompigia, mimi na wewe tutakuja kujuta."

"Mpigie," Brando akasema.

"Nini?"

"Mpigie, fundi. Nakuomba."

Fosco akashtuka. Hakuna dereva aliyewahi kumwomba hivyo.

"Woga tu huo," Learco akaingilia kutoka mlangoni. "Mimi mwenyewe nilikuwa hivyohivyo kabla ya ajali yangu. Miaka ishirini naingoja Fomula Tatu, halafu tuiache kwa sababu ya tumbo la kuendesha?"

"Unaingoja wewe?"

"Tunaingoja. Usinikamatie maneno."

"Basi sikia. Hii timu mpya akina baba huishia getini. Dereva anapimwa uzito kichwa wazi, na helmeti wanamvalisha wao wenyewe. Kesho atakuwa peke yake."

"Walishatuambia jana." Learco aliitazama sakafu. "Atazoea. Mizunguko miwili mitatu, atazoea."

Povu liligeuka moto, kisha likapoa, na Brando akakaa humo kwa muda wa saa nzima, macho yameganda kwenye usukani wa gari jipya uliolazwa mezani, wenye vitufe na vishikio vya gia na klachi. Midomo yake ilikuwa imepauka.

Hatimaye Fosco alimtoa, akakibandua kiti kipya na kukiweka sakafuni kando ya kile cha zamani. Akapiga magoti. Akapapasa huku, akapapasa kule. Kwenye kiti kipya uti ulikuwa umenyooka na nyonga zote mbili zilikuwa sawa. Kijana huyu hakuwahi kuvunjika hata kidole. Fosco alifurahi mno, akacheka peke yake.

"Mzima kabisa! Basi wale wa Fomula Nne wameniletea kiti cha mtu mwingine."

"Watakuwa wamekosea," Learco akadakia upesi.

Jasho lilikuwa likimtiririka. Alikuwa amesimama muda wote juu ya mguu wake mbovu, na karakana haikuwa na hata kigoda. Akashika ukingo wa meza, akajishusha polepole, akaketi kwenye kile kiti cha zamani. Kikampokea mpaka kwapani, na nyonga yake ya kulia ikazama mahali pake bila kuacha nafasi ya ukucha.

Brando alikuwa ameuchukua ule usukani na kuugeuzageuza mikononi.

"Baba," akauliza kwa sauti ndogo, "klachi ni ipi?"