Bata Bukini Aliyekataa Sifa

Katika ziwa moja mpakani, Tai aliishi upande wa Marekani na Bata Bukini upande wa Kanada. Tai alijisifu kutwa nzima. Bata aliomba radhi kwa kila jambo.

“Ninyi watu wa kaskazini ni waoga,” Tai alimkejeli. “Mnaomba radhi hata mkikanyagwa!”

“Samahani, jirani, ndivyo tulivyolelewa,” Bata akajibu.

Siku moja Tai alinaswa na wavu wa wavuvi ufukweni. Mbweha akamjia akijilamba midomo. Tai alipiga kelele za vitisho, lakini Mbweha hakujali hata kidogo. Ndipo Bata akavuka ziwa mbiombio.

“Samahani, bwana Mbweha,” akasema, akamdona pua. “Uniwie radhi,” akaongeza, akamdona sikio. Mbweha akatimua mbio akilia. Bata akamnasua Tai.

Tai wengine wakaja wakishangilia. “Shujaa huyu ni nani?”

Tai akamkumbatia Bata kwa bawa. “Shujaa wa namna hii angetoka wapi tena? Huyu ni Mmarekani mwenzetu!”

Bata akavimba shingo kwa hasira. “Niite mwoga kila siku, jirani, nitakusamehe. Lakini kuniita Mmarekani, sikusamehe ng’o!”