Bustani ya Aibu

Mama Mwenyekiti aliishika ile picha kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyeokota mkia wa panya, akaizungusha polepole ili wanawake wote wa chama cha bustani waione.

"Jamani, na hii nayo ni bustani?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyewe hakucheka. Yeye alikuwa mtu wa kuchekesha, si wa kucheka.

Kiti kile cha mbele kilikuwa chake tangu mumewe yu hai, na leo, picha zikiisha, wangekipigia kura upya. Hakukosa usingizi kwa hilo. Nani mwingine mtaani alikuwa na uzio wa spirea kama wake? Vile vichaka vya maua madogo yanayojazana tawini kama povu la sabuni alivichagua kwa akili. Kimoja kilitoa maua meupe baridi ikianza kupungua, kingine maua ya waridi jua likiwaka, na cha tatu kilianza na majani ya manjano, baridi ikirudi yakawa mekundu kama makaa. Mwaka mzima, akikaa barazani na kikombe chake, hakukosa rangi ya kutazama. Wageni nao aliwakalisha papo hapo, viti vikiwa vimeelekezwa uzioni tayari.

Mungu alimjalia mkono wa kupanda. Ulimi alijipa mwenyewe.

"Wenzangu hawapandi," alizoea kusema. "Wanachomeka vijiti, halafu wanangoja miujiza."

Aliyemkera kuliko wote ni jirani yake, mama mmoja mpole ambaye yeye mwenyewe alimbandika jina la Mama Zege, maana ua wake wote ulikuwa zege na kamba ya nguo. Mtu hana hata kopo la udongo, naye kaingia chama cha bustani! Ndiyo maana kila tawi la spirea lililojaribu kuinamia kwa jirani lilikatwa siku hiyo hiyo. "Kata," alimwambia mtunza bustani. "Mimi siwapambii watu nyumba bure."

Picha zisizo na majina lilikuwa wazo lake pia. Kila mwanachama alete moja, bustani zisemwe ukweli bila kuoneana haya. Lakini hii hakuhitaji kuambiwa imetoka wapi. Mama Zege alikuwa safu ya mwisho, mkoba magotini, macho sakafuni. Kumbe na yeye kachomeka vijiti vyake mahali!

"Tazameni hili tawi," akasema, akigonga picha kwa ukucha. "Spirea inayotangulia kutoa maua hukatwa maua yakishapukutika. Mtoto wa shule anajua. Huyu kakata vitumba vikiwa vimevimba, kesho kutwa vipasuke! Ni kumpokonya mtoto kijiko mdomoni. Hiki cha pembeni kimenyolewa kama kondoo mwenye upele. Na huku chini mnaona? Takataka za kufagia, zimelundikwa shinani!"

"Labda mwenyewe mgonjwa, dada," katibu akasema taratibu.

"Mgonjwa wa uvivu. Na huku juu, oneni wenyewe. Ua moja limechungulia, likaona aibu, likarudi ndani."

Hapo watu walicheka mpaka mmoja akaomba maji. Mama Mwenyekiti akaona moto umekolea, hakutaka upoe.

"Naomba tupitishe jambo sasa hivi, kabla hatujajua ni ya nani, isije ikasemwa tunamwandama mtu. Mwenye bustani hii asikalie kiti chochote cha chama hiki, wala asipewe mche hata mmoja, mpaka ajifunze adabu ya mimea. Wanaokubali?"

Mikono ikapanda ukumbi mzima, mingine miwili miwili kwa furaha. Mmoja tu haukuinuka.

"Wewe mama wa nyuma huko, mkono umekufa ganzi?"

"Hapana, Mama Mwenyekiti." Sauti ya Mama Zege ilikuwa ndogo. "Mimi naona aliyekosea aelekezwe tu. Kumwaibisha mbele za watu si vizuri."

"Aa! Huruma yote hiyo unamwonea nani? Si useme tu unajihurumia mwenyewe!"

Kicheko kikarudi. Mama Zege akainamisha kichwa, midomo ikichezacheza kama mtu anayeomba dua kimoyomoyo. Akafungua kinywa tena. "Tungeliacha, dada yangu. Nakusihi. Tuangalie picha nyingine."

"Tuliache?" Mama Mwenyekiti akawageukia wenzake, mikono kiunoni. "Mmemsikia? Sasa anataka tumfiche! Katibu, andika hoja imepita. Iandike kwa wino, isifutike."

Katibu akaandika, akapiga mstari chini yake, kisha akainua uso. "Basi aliyeileta asimame, yaishe."

Mama Zege akainuka, mkoba ameukumbatia kifuani, machozi yakimlengalenga.

"Ni mimi niliyeileta. Bustani sina, wote mnajua, na niliambiwa nisije mikono mitupu. Nikapiga picha ile ninayoiona nikiosha vyombo. Dirisha langu la jikoni, Mama Mwenyekiti, linatazama mgongo wa uzio wako."